Mtandio wa Manjano

Kila alasiri Zahra alipotoka madrasa alivua viatu mlangoni, akambusu bibi yake mkono, kisha akampokea mdogo wake Taha ili mama apike. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, na bibi, Bi Kadija, ndiye aliyeshinda na mtoto mama akiwa na shughuli.

Alasiri moja bibi alimkazia macho. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa jirani!" Zahra alijibu akicheka, akidhani ni mzaha.

Bibi aliposikia sauti yake alishtuka. "Kumbe Zahra! Usimwambie mamako, mwanangu. Tafadhali."

Zahra alikubali. Alishamsikia Mjomba Hussam akisema kwamba bibi akizidi kusahau, atamhamishia kwake Mombasa. Zahra hakuweza kuifikiria nyumba ile bila bibi.

Lakini mama yake, Hafswa, hakuwa kipofu. Bibi alikuwa akitia chumvi kwenye chai. Mama akamwita Daktari Shifa, mzaliwa wa Lamu, mtafiti wa ubongo aliyechunguza jinsi wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanavyotambua nyuso. Daktari aliomba picha za jamaa za kumpimia bibi, na mama akamwachia Zahra simu azichague.

Zahra alizichagua, kisha akamfundisha bibi. "Mwenye mtandio wa manjano ni Mama. Mwenye miwani ni Mjomba Hussam. Mwenye sare ya shule ni mimi."

"Mtandio wa manjano, Hafswa," bibi alirudia, kama mtoto anayehifadhi sura ya Kurani.

Daktari Shifa alimvisha bibi kofia yenye nyaya, ya kupima ubongo unavyofanya kazi.

"Wanivika taji yeo, na uzee huu?" bibi aliuliza. Wote wakacheka.

Picha zikapita. Bibi akataja majina yote. Mama alishusha pumzi. "Alhamdulillahi! Basi Taha ana mlezi."

"Subiri, Bi Hafswa," daktari alisema. "Amejibu vizuri, ila macho yake yanatazama nguo, hayatazami uso. Nitarudi na picha nyingine. Mpaka hapo, usimwachie mtoto."

Zahra aliinama. Angeweza kusema pale pale. Hakusema.

Mama naye hakusikia ila alichotaka kusikia. Siku iliyofuata alikwenda dukani mara moja, akamwacha Taha na bibi. Aliporudi, bibi alikuwa amelala na mtoto hayupo. Akamwamsha.

"Mama! Taha yuko wapi?"

"Si nimempa mamake? Hafswa amekuja kumchukua."

"Hafswa ni mimi!"

Bibi aliutazama uso ule wa binti aliyemzaa mwenyewe. "Sauti ni yake," alisema. "Lakini Hafswa ana mtandio wa manjano."

Zahra, aliyekuwa ndio kwanza anaingia kutoka madrasa, aligeuka akatoka mbio. Alikimbia vichochoroni akimwita Taha, akiuliza kila mlango. Mbele ya msikiti alimkuta mwanamke wa kijiji cha Kipungani, muuza mikeka, mtandio wake wa manjano umeloa machozi ya mtoto.

"Ni wenu huyu?" mwanamke aliuliza kwa hasira. "Nimebisha hodi niuze mkeka, bibi akanipa mtoto akafunga mlango! Nimegonga hakufungua. Ningekuwa mtu mbaya je?"

Nyumbani, Zahra alisema yote huku akilia. Mama hakumpiga wala hakumkumbatia. Alimpigia daktari simu.

Daktari Shifa alirudi na picha za nyuso tupu, bila mitandio wala miwani. Bibi hakumtambua Hussam. Hakumtambua Hafswa. Alipofika kwenye uso wa Zahra alitabasamu. "Mtoto mzuri, mashallah. Wa nani huyu?"

Zahra, aliyeketi ubavuni pake, aliuma ncha ya mtandio wake asitoe sauti.

"Sehemu ya ubongo wake inayotambua nyuso inachoka," daktari alieleza. "Hatuna dawa ya kuirudisha. Lakini nyumba aliyoizoea na sauti anazozijua zinamsaidia. Msimhamishe."

Hussam alikubali kwa simu. Atakuja yeye Lamu kila likizo, na shangazi yake Zahra atashinda na bibi mama akitoka. Taha hataachwa naye tena.

Jioni mama alimwita Zahra jikoni.

"Mimi nilionywa nikaziba masikio, hilo ni kosa langu. Lako ni hili: ulimpenda bibi yako ukasema uongo kwa ajili yake. Uongo huo haukumtibu. Ulitufanya sisi tusijue kwamba anahitaji kulindwa, na mdogo wako nusura apotee. Mtu akiugua katika nyumba hii, unasema. Hata akikuomba usiseme. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Futa uso. Mpelekee bibi yako chai. Mtajie jina lako kwanza, na usimuulize kama anakujua."