Bilioni Moja na Saba

Yalianza maandazi. Hamida aliyakuta mezani yamepangwa mafungu mawili sawasawa, moja upande wa mlango, jingine upande wa ukuta. Kesho yake ikawa sukari, kisha mchele. Kila mara fungu la ukutani lilitoweka, likaacha harufu ya udi uliolowa maji.

Mama mkwe wake akaanza kulia. Siku walipohamia nyumba hii ya Kiwalani alinyunyiza mchele pembeni, kuwataka radhi wenyeji wasioonekana, kama ilivyo ada. Lakini ulimi hauna mfupa. Akaongeza lake: "Chochote kitakachoingia humu, tutagawana sawa."

Na Hamida alikuwa na mimba ya mapacha.

Mzee Bakari, mganga wa Buguruni, alifukiza ubani, akatega sikio ukutani, jasho likamtoka.

"Mwanangu, ahadi ni deni," akanong'ona. "Wape mmoja, ubaki na mmoja."

"Shikamoo nakupa, Mzee. Mtoto simpi mtu!"

Mchana huohuo, jua likiwa utosini, feni ikasimama na umeme upo, kuku wa uani wakanyamaza, ile harufu ya udi ikajaa hadi macho yakawasha, na ukuta ukaanza kupumua, taratibu, kama mtu aliyelala nyuma yake kwa miaka mingi na sasa anaamka akiwa na njaa.

"Wawili," ukasema. "Mmoja wako, mmoja wetu."

Mama mkwe akajifunika khanga usoni. Hamida alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na dharau hakuizoea.

"Wanangu bado hawajaingia humu. Ngojeni foleni. Nyie mko wangapi?"

"Ukoo wetu ni elfu arobaini. Hakuna kinachotushinda kugawa. Kidogo tunakigawana mmojammoja, kikubwa kina ufa wake."

"Basi naingiza kitu kwa mdomo wangu. Namba. Igaweni sawasawa kwa idadi yoyote ya watu, kuanzia wawili mpaka ukoo mzima, isibaki hata moja. Mkishindwa, ahadi ya mama imekufa."

Ukuta ukacheka. "Itaje."

"Bilioni moja na saba."

Juu ya bati kukasikika mchanga ukimwagwa, ukigawanywa, ukikusanywa tena. "Kwa wawili, inabaki moja. Kwa watatu, zinabaki mbili. Kwa saba, zinabaki sita..." Sauti ziliendelea wiki hata wiki, zikawa kali, zikawa za kugombana, mwisho zikawa za hofu.

Mapacha walizaliwa, wakaingia wote wawili mlangoni, mama mkwe akiwapigia vigelegele.

Jioni ile ukuta ukasema kwa sauti ya mgonjwa: "Mwalimu, tumegawa mpaka ukoo mzima, bado inabaki. Namba hii imelaaniwa."

"Haijalaaniwa. Ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Tukirudi na ahadi nyingine?"

Hamida akawaweka wanawe kifuani, huyu kushoto, huyu kulia.

"Rudini," akasema. "Namba tasa hazina mwisho."