Mama wa Baba Yake

Kila asubuhi msichana mmoja aligonga mlango wa chumba cha baba yake na kupaza sauti, "Mwanangu, amka, utachelewa kazini!" Naye baba, seremala mwenye ndevu nzito, alijibu kwa sauti ya kitoto, "Naamka, mama." Msichana alikuwa amerithi jina la bibi mzaa baba, basi nyumbani kote akaitwa Mama.

Siku ya safari ya kwenda kwa bibi huyo, aliamka wa kwanza. Bibi aliishi ng'ambo ya mpaka, na hawakuwahi kuonana.

"Leo namwona somo yangu, mwenye jina langu!" aliimba huku akirukaruka.

Mama yake alimtilia pasipoti na cheti cha kuzaliwa mkobani. "Mpakani hakuna mzaha. Jibu unachoulizwa."

"Sawa, mama," alisema, lakini akili yake ilikwisha panda basi.

Mpakani abiria walishuka wakapanga foleni. Afisa wa uhamiaji, mwanamke mwenye miwani, alimtazama kupitia dirishani. "Unasafiri na nani, binti?"

"Na mwanangu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Msichana akanogewa.

"Unaitwa nani?"

"Mama!"

"Na huyu bwana ni nani wako?"

"Si nimekwambia? Mwanangu!"

Afisa hakucheka hata kidogo. Alifunga pasipoti zote mbili. "Bwana, subiri pembeni. Mtoto aingie ndani peke yake."

Chumbani mlikuwa na meza na viti viwili tu. Kupitia kioo alimwona baba yake amesimama na askari, amejiinamia. Huko nje dereva alipiga honi. Basi likiondoka, hatamwona bibi leo! Machozi yakamlengalenga.

"Samahani, afande. Nilikuwa natania. Yule ni baba yangu."

Alitaja majina yake yote matatu, tarehe aliyozaliwa na majina ya wazazi wake. Afisa alifuatisha kwa kidole kwenye cheti, neno kwa neno. Yote yalilingana. Kisha msichana akaeleza habari ya jina alilorithi, na hapo afisa akatabasamu.

"Watoto huibwa wakavushwa hapa," alisema. "Siwezi kukuachia uende na mtu nisiyejua ni nani wako."

Muhuri ukagongwa, pwa! Baba na binti walitimua mbio, wakalidaka basi likianza kuondoka. Msichana alicheka kwa furaha mpaka akaishiwa pumzi.

Bibi alikuwa akiwangoja kituoni. "Somo yangu!" alipiga kelele, wakakumbatiana nusura waanguke. Baba alipomsimulia yaliyotokea, bibi alicheka, kisha akamshika mjukuu wake kidevu.

"Utani ni wa wanaokujua. Asiyekujua mpe ukweli mtupu, maana hana kingine cha kukutambulia. Haya, somo yangu, umepata somo?"

"Nimelipata, bibi."

"Basi twende nyumbani. Huyo mwanetu atabeba mizigo."