Aliyegonga Chini ya Sakafu

Jua lilikuwa linazama Léonie alipotoka kwenda kuanua kikwembe chake, kitenge alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Alikuwa amekifua mwenyewe asubuhi, kwenye sinki la bafuni, kwa sababu aliona haya kuwapa wafanyakazi wa hoteli nguo iliyokuwa bado na harufu ya makaa ya Bunia. Akakianika kwenye ukingo wa baraza. Hakuna mgeni mwingine aliyeanika kitu. Kisiwani kule, mbali mashariki ambako jua hutangulia kuzama, kila nyumba ilisimama peke yake juu ya bahari, kwa miguu ya mbao, na njia nyembamba ya mbao ilizipitia zote hadi ufukweni. Shuka nyeupe. Taulo nyeupe. Maua juu ya mto. Zulia jeupe kando ya kitanda. Na katikati ya chumba, sakafuni, kioo kinene kipana kama meza, ili mgeni akae kitini na kutazama samaki wakipita chini ya miguu yake.

Mumewe, Orly, alikuwa ameenda ufukweni kunywa na Mwarabu wa Dubai aliyenunua dhahabu yake. Ndiye aliyewaalika. Léonie alikuwa ametoka kuoga, amevaa joho jeupe la hoteli, nywele zinatona maji mabegani.

Akashika kikwembe. Kilikuwa kimekauka.

Ndipo aliposikia.

Ko. Ko. Ko.

Halikuwa wimbi. Wimbi hupiga, likarudi likiguna. Hiki kilikuwa kiganja cha mtu, kinapiga mbao kutoka chini, polepole, kama jirani anayebisha hodi huku akijua kabisa kwamba wenyewe wamo.

Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta ndani ya sahani.

Kisha ikaja harufu. Si ya chumvi. Harufu ya saruji iliyolowa... na nyuma yake moshi, moshi mchungu wa nyumba inayoungua.

"Ni nani?" Léonie aliuliza kwa Kiswahili, halafu akajishangaa. Nani kule angemjibu kwa Kiswahili?

"Ni miye," sauti ikanong'ona chini ya mbao. "Léo... fungula."

Watu wawili tu duniani walikuwa wakimwita Léo. Mmoja ni mama yake, na mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Wa pili ni dada yake mkubwa, Dorothée.

Na Dorothée alikuwa Bunia. Léonie ndiye aliyemwacha huko.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 2003. Askari wa Uganda walikuwa wanaondoka mjini, lori baada ya lori, na hata mtoto wa Bunia alijua kwamba wakimaliza kutoka, wenye mapanga na bunduki watashuka kutoka vilimani. Dorothée alikuwa amekwisha kukimbia mara moja. Kule Bule, kijijini kwake, walimuulia mumewe, wakachoma nyumba, naye akatembea kwa miguu hadi kwa mdogo wake akiwa na mtoto mmoja mgongoni, Joëlle, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema.

Asubuhi ya safari Dorothée aliwasindikiza Léonie na Orly mpaka uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa ndogo, imejaa watu na vilio. Rubani akaangalia mizigo ya Orly, akamwangalia yule mama mwenye mtoto, akasema kwamba masanduku yakibaki, mama na mtoto wanaweza kupanda.

Orly akamgeukia mkewe. Ndugu alikuwa wake, na neno lilikuwa lake.

"Yaya, ubaki kwanza," Léonie alimwambia dada yake. "Tukienda siye wote, nani atalinda nyumba? Orly anaenda kupimwa tumbo Kampala. Hatutakawia."

Dorothée akayatazama masanduku. Yalikuwa makubwa mno kwa watu wanaokwenda hospitali. Lakini hakuuliza.

"Sawa," akasema. "Mungu amuponyeshe."

Akapokea funguo za nyumba. Joëlle akatoa mkono nje ya kitenge, akapunga. "Mama mudogo! Mama mudogo!" Aliita hivyo mpaka sauti ya injini ikammeza.

Hapakuwa na tumbo lililouma. Hapakuwa na daktari. Ndani ya masanduku mlikuwa na magauni, viatu, na miwani ya jua ya kwenda kisiwani.

Ko. Ko.

Sasa sauti ilikuwa inatoka ndani ya chumba.

Léonie aliingia akishika kikwembe kifuani. Taa iliyofungwa chini ya nyumba kumulika samaki ilikuwa imekwisha kuwaka, na kioo kilikuwa kinang'aa sakafuni. Lakini samaki hawakuwapo. Maji yalikuwa yamegeuka rangi. Yalikuwa ya udongo, kama maji ya mto Shari wa Bunia siku za mvua.

Akasogea. Akainama.

Kwanza aliona vidole. Vilikuwa vimebandikwa kwenye kioo, vyeupe kwa kulowa, kucha zimekatika. Kisha paji la uso. Kisha macho.

Dorothée.

Alikuwa ndani ya maji hadi kidevuni, ameinua uso, mdomo wake ukitafuta hewa. Na nyuma yake hapakuwa na bahari. Palikuwa na ukuta. Ukuta wa saruji, wenye kijani cha ukungu, umemzunguka karibu karibu.

"Léo..." Midomo ilicheza, na sauti ikapita kwenye kioo kana kwamba ni kitambaa. "Fungula. Maji inapanda."

Léonie akarudi hatua moja nyuma.

Dorothée akazama kidogo, akaibuka tena. Safari hii mikono yake miwili ilikuwa imenyanyua kitu juu ya kichwa chake, akakisogeza mpaka kikagusa kioo.

Alikuwa Joëlle.

Uso wa mtoto ulibanwa pale, shavu moja limelala. Akafumbua macho. Akamwona mama yake mdogo. Na yule mtoto, katika maji yale machafu, akajaribu kucheka. Akatoa mkono mdogo...

Léonie akavuta zulia.

Hakutumia hata mkono. Alilivuta kwa mguu, kama mtu anayeficha uchafu mgeni asiuone. Kioo kikafunikwa. Chumba kikaingia giza nusu. Chini, kiganja kikapiga mara nyingi, haraka, ovyo. Kisha kimoja kimoja.

Kisha kimya.

Alikaa kitandani amejifunika kikwembe usoni mpaka Orly aliporudi, anapiga mluzi, miguu mitupu. Akakanyaga zulia, akasimama.

"Mbona limelowa?"

Léonie akatazama. Katikati ya zulia jeupe palikuwa na doa kubwa la udongo, linaenea polepole.

"Nilimwaga chai," alisema.

Orly akanusa hewa. Akakunja uso. Akalisogeza zulia kwa kidole cha mguu, na chini yake kioo kilikuwa kikavu, kizima, na samaki wa manjano walikuwa wanapita.

Kesho yake redio ya Kifaransa ilitaja Bunia. Ilitaja mapanga, maiti mabarabarani, na maelfu waliokimbilia uwanja wa ndege. Orly alijaribu kuwapigia simu watu wote aliowajua, hakuna aliyepokea. "Hatuwezi kurudi sasa," alisema, na ilikuwa kweli. Lakini hata kisiwani hawakuondoka. Walimaliza siku zao zote za mwaliko. Kila asubuhi Léonie aliletewa matunda yaliyokatwa kwa umbo la nyota. Kila asubuhi aliyala, miguu yake ameikunja juu ya kiti.

Walirudi Bunia baada ya wanajeshi wa Ufaransa kufika na mji kutulia kidogo. Nyumba ilikuwa imesimama. Milango haikuwapo, vitanda havikuwapo, hata soketi za umeme zilikuwa zimeng'olewa ukutani. Bati tu ndilo lililobaki, lile bati kubwa Orly alilojivunia.

Jirani yao Faida, mama aliyeuza mafuta ya mawese sokoni, alikuwa uani anafagia. Alipomwona Léonie alisimama na fagio mkononi. Hakuja kumpa mkono.

"Mama Faida," Léonie alisema. Neno lilimponyoka kabla ya salamu. "Joëlle... alikufa mu maji?"

Fagio likaanguka.

"Nani alikuambia?"

Léonie akalitazama fagio.

"Hakuna mutu aliyekuambia," Faida alisema taratibu. "Tulimuzika siye wenyewe. Simu ilikuwa haipite. Weye ulijua namna gani?"

"Niambie kwanza vile ilikuwa."

Faida alimwambia, lakini akiwa amesimama mbali, fagio limelala kati yao. Wale wenye mapanga walipoingia uani, Dorothée alikuwa hana njia tena ya kutoka. Akashuka na mtoto ndani ya siterne, lile shimo la saruji lililokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati. Maji yalikuwa yanafika magotini tu. Akavuta kifuniko juu yake. Wakapora nyumba nzima. Frigo kubwa ya Léonie, lile jokofu lake, iliwashinda uzito, wakaiacha uani, juu ya kifuniko.

"Kisha mvua ikanyesha," Faida alisema. "Unajua mvua ya hapa. Na bati lako lile lote, maji yake inashukia wapi? Siye tulikuwa tumekimbia. Tuliporudi, tukasikia mutu anagonga chini ya frigo. Dada yako alikuwa muzima. Mutoto hapana."

Orly akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Na kuko jambo lingine," Faida akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Dorothée anasema, mu giza ile, ikiwa bado muchana huku inje, kulitokea mwangaza juu ya kichwa yake. Anasema weye ulikuwa mu ule mwangaza. Umevaa nguo nyeupe. Nywele zako ziko zinatona maji. Akakuita. Ukamuangalia. Kisha ukafunika."

Hewa ya uani ikawa nzito.

"Hapa kwetu, Mama Léonie, mutu akionekana pahali mwili wake hauko... tunajua anaitwaje."

Hakulitaja jina. Hakuwa na haja. Mulozi. Mtu anayelala kitandani kwake huku akienda kula watoto wa ndugu zake mbali, ili mali yake izidi. Na ni nani uani pale aliyekuwa na mali?

Léonie alitaka kupiga kelele kwamba yeye ndiye aliyejiwa, yeye ndiye aliyegongewa. Lakini alipoyapanga maneno moyoni, yalikuwa yaleyale ya Faida. Mwangaza. Nguo nyeupe. Akaniita. Nikafunika. Kama yule aliyetokea upande wa pili alikuwa mzimu, basi mzimu ulikuwa yeye.

Dorothée alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma. Hakumfukuza mdogo wake, hakumtukana. Alimkaribisha kama mgeni, akamtandikia mkeka. Wanawake wa jirani walipokuja kumshauri aondoke chini ya bati la mulozi, aliwajibu, "Mumuache." Basi. Usiku hakulala. Léonie alimsikia akitembea chumbani hadi jogoo alipowika.

Orly alitaka waite mchungaji aombee nyumba. "Na usiseme kitu," alimwonya mkewe. "Ukisema umeona, watakuchoma." Baada ya siku chache alienda Kampala kutafuta biashara upya. Léonie alibaki.

Jioni moja Dorothée alikuwa uani anachagua maharagwe kwenye ungo. Siterne ilikuwa imejazwa udongo. Léonie akaja akaketi mbele yake, akaanza kuchagua naye.

"Léo," Dorothée alisema bila kuinua macho. "Weye ulituona. Usinijibu. Najua."

Mkono wa Léonie ukasimama juu ya ungo.

"Sikuulize kwa nini ulifunika. Hiyo utaulizwa na Mungu. Niko na ulizo ingine. Miye nilikuwa mu giza. Weye ulikuwa na mwangaza."

Alipumua kwa shida, kama mtu aliye bado majini.

"Nilimubeba juu ya kichwa sijue saa ngapi. Mikono ikakufa. Ulipofunika, nikamuita, hakujibu. Nikajiambia, amekwisha kwenda huyu. Nikashusha mikono." Vidole vyake vilisaga harage moja mpaka ganda likatoka. "Nilishusha mikono, Léo. Kila usiku niko najiuliza. Weye ndiye ulimuona uso. Alikuwa amekwisha kufa? Ama niliachilia mutoto muzima?"

Juu ya ukuta, kichwa cha Faida kilionekana, kikatoweka.

Léonie aliyaona macho ya Joëlle yakifumbuka. Aliliona shavu lililobanwa. Aliuona mkono mdogo, umenyooshwa kwake, na kinywa kinachojaribu kucheka kwa sababu mama mudogo amepatikana, na mama mudogo atafungua.

Angesema kweli, mzigo ungemwangukia dada yake mpaka kaburini. Angedanganya, angempa Dorothée usingizi, na angejisafisha mwenyewe papo hapo. Maana nani amlaumu mtu kwa kumfunika maiti? Hakujua tena ni huruma inayomvuta au ni woga. Vilikuwa na sauti moja.

"Alikuwa amekwisha, yaya," alisema. "Macho yake ilikuwa imefunga."

Dorothée akaweka ungo chini, akaegemeza paji la uso wake kwenye goti la mdogo wake, na mabega yakaanza kutikisika.

"Asante," alinong'ona. "Asante, Léo."

Siku ile alilala giza lilipoingia tu, akalala mpaka jua la asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu vita. Léonie alikaa mlangoni akimsikiliza akipumua. Alifurahi, na furaha ile ikamtisha kuliko kitu chochote alichokiona kisiwani.

Asubuhi alikwenda kuteka maji. Wanawake waliokuwa bombani wakampisha, wakavuta watoto wao karibu. Mmoja akasema lile neno, mulozi, si kwa kunong'ona.

Zamani angegeuka, angekana, angeapa kwa kaburi la mama yake.

Léonie akaweka bidoni yake ya maji chini ya bomba, akangoja ijae.