Mtungi Wenye Bendera

Zamani, kuteka maji hakukuwa kazi nyumbani kwa kina Kagure. Ulifungua mfereji uani, ukaweka ndoo, ukaendelea na hadithi zako. Lakini sasa ilikuwa siku ya tisa, na mifereji yote ya kijiji cha Mitarakwa, karibu na Naro Moru, ilikuwa ikikohoa hewa tu. Kila jioni baada ya shule, Kagure alibeba mtungi hadi bwawani na kurudi nao mgongoni, akinung'unika njia nzima.

Ajabu ni kwamba bwawa lilikuwa limejaa. Mvua kubwa ilikuwa imesomba magogo na magugu, yakaziba chujio la bomba kule chini kabisa. Maji yalikuwepo, njia ndiyo haikuwepo.

Ijumaa hiyo, baba yake, Gathogo, aliyekuwa mlinzi wa bwawa, alikuja nyumbani na wageni wawili. Mmoja alikuwa Waridi, mzamiaji, mzaliwa wa Majengo mjini Nyeri. Wa pili alikuwa Ilyas, mwenzake wa kumshikia kamba. Kagure aliutazama mtungi mzito wa hewa ambao Waridi angeubeba mgongoni, kisha akamtazama Waridi mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Anti, kwani huogopi maji?" akauliza.

"Maji siyaogopi," Waridi akajibu. "Naogopa mashua. Kule chini ni tope tupu. Mimi siioni mashua, na mwenye mashua hanioni. Nikiibuka ghafla chini ya injini, yale mapanga yake yanayozunguka hayatauliza mimi ni nani."

Aliinua bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Bendera hiyo huelea juu ya maji kuonya kwamba kuna mtu chini. Kwa bahati mbaya, boya lao la kuibeba lilikuwa limetoboka njiani, kwa hiyo Ilyas alikuwa ameifunga kwenye mtungi mtupu wa manjano.

Gathogo alipouona mtungi huo, akakuna kichwa. Mitarakwa kila mvuvi hutia alama nyavu zake kwa mtungi na kitambaa. Mwenye mashua akiuona, hupita ubavuni pake kabisa, karibu kuugusa kwa mkono, ahakikishe nyavu za mwenzake ziko salama, kisha anaendelea na safari. Hiyo ndiyo heshima ya bwawa lile tangu zamani.

"Wataona mtungi wafikiri ni nyavu," akasema. "Mami, njoo."

Alimwita mami kwa sababu Kagure alikuwa na jina la nyanya yake, mama yake Gathogo.

"Hapa kuna mashua nne zenye injini. Nenda kwa wenyewe wote wanne. Waambie kesho asubuhi mtungi wenye bendera nyekundu si nyavu. Ni mtu. Wakae mbali hatua mia moja."

"Si uwapigie simu, Baba?"

"Kwa simu mtu husema ndiyo, ndiyo, huku anakamua ng'ombe. Na Mzee Kahiga simu yake ilizama mwezi uliopita. Nenda uwaambie uso kwa uso."

Kagure akaenda. Wale watatu wa kwanza waliishi karibu, na kufikia saa kumi na moja alikuwa amewamaliza. Akabaki Mzee Kahiga peke yake, ng'ambo ya bwawa. Tangu daraja lisombwe na mvua, mzee huyo alivusha maziwa ya wafugaji kwa mashua kila asubuhi. Kumfikia kwa miguu ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenye matope.

Akiwa njiani, alimkuta rafiki yake Wendy akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wengine. Walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja.

"Guka Kahiga si huja huku kila asubuhi na maziwa?" Wendy akasema, kwa maana watoto wote walimwita mzee huyo guka, yaani babu. "Utamwambia kesho akifika. Ati utembee saa nzima kwa maneno mawili?"

Maneno hayo yalikuwa matamu, na mpira ulikuwa tayari mkononi mwa Wendy. Kagure akaingia uwanjani. Alicheza mpaka jua likazama nyuma ya miti.

Usiku, wakila mukimo wa viazi na mahindi, baba yake akamuuliza, "Umewafikia wote wanne?"

"Wote, Baba."

"Hata Mzee Kahiga?"

"Hata yeye."

"Alisemaje?"

Uongo hauendi safari peke yake, lazima umwite ndugu yake. "Alisema... alisema atazunguka upande wa msitu."

"Basi nitalala vizuri," akasema Waridi, akamtabasamia. Tabasamu lile lilimchoma Kagure. Akaisukuma sahani yake kando.

Alikuwa amejiwekea mpango: saa moja na nusu angekuwa gatini, mzee anaposhushia maziwa, amwambie kabla ya kazi kuanza. Lakini alfajiri wingu zito lilikuwa limeufunika mlima, na Waridi akaamua kuzama mapema kabla mvua haijashuka. Kagure alipoamka, vitanda vya wageni vilikuwa vitupu. Alitoka mbio hata viatu hakufunga.

Ukuta wa bwawa ulikuwa umejaa watu na mitungi yao, wakisubiri kusikia kama maji yatarudi leo. Ilyas alisimama ukingoni ameshika kamba iliyoshuka majini hadi kwa Waridi. Gathogo alikuwa kwenye mashua ndogo ya makasia, si mbali na mtungi wenye bendera.

"Amekaa chini muda mrefu?" Kagure akauliza, akihema.

"Anakaribia kumaliza. Gogo la mwisho hilo," Ilyas akajibu.

Labda mzee atachelewa leo, Kagure akajiambia. Labda ng'ombe wamemchelewesha. Akafumba mdomo. Na hapo hapo, kutoka ng'ambo, injini ikanguruma.

Mashua ya Mzee Kahiga ilitokeza kwenye ukungu ikiwa na mikebe ya maziwa imesimama safu mbili. Gathogo aliitazama, kisha akageuka akaendelea na kazi yake. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kagure akaelewa: baba yake alikuwa ameuamini ule uongo.

"Ndiye yule mzee wa maziwa?" akasema Ilyas. "Vizuri. Sasa hivi atakata kona upande wa msitu, kama alivyokuambia."

Mashua haikukata kona. Ilinyooka moja kwa moja kuelekea bendera. Kagure alitazama watu waliomzunguka: majirani, mwalimu wake wa Jumapili, mama yake Wendy. Akisema sasa, wote watajua yeye ni mwongo.

Kamba ikatikisika mkononi mwa Ilyas. "Amemaliza," akasema kwa furaha. "Anaanza kupanda."

"Mzuie!" Kagure akapiga kelele. "Sikumwambia! Guka Kahiga sikumwambia, nilidanganya! Anafikiri ni nyavu!"

Ilyas hakupoteza hata neno moja la kumkemea. Aliivuta kamba mara tano kwa nguvu, ishara ya kukaa chini, akasubiri. Kamba haikujibu. Akavuta tena mara tano, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Injini ilikuwa karibu sasa.

"Baba!" Kagure alikimbia juu ya ukuta akipunga sweta lake jekundu la shule. "Baba, hajui! Sikumwambia!"

Upepo uliyachukua maneno, lakini umati mzima ukapaza sauti pamoja naye, na safari hii Gathogo akasikia. Alipiga makasia kama mtu anayefukuzwa, akaiingiza mashua yake katikati, baina ya bendera na injini. Akasimama, kasia limeinuliwa kwa mikono miwili.

Mzee Kahiga alimpungia mkono. Alidhani jirani yake analinda nyavu, akaipinda mashua kidogo tu ili apite kando kwa heshima, kama kawaida.

"Zima! Kuna mtu chini! Zima injini!" Gathogo akapiga ukelele.

Mzee akaishika injini kwa mikono yote miwili. Ikakohoa, ikafa. Mashua iliserereka, ikaigonga ile ya Gathogo, na mkebe mmoja ukapinduka. Maziwa yakatandaa meupe juu ya maji.

Ukutani, Ilyas alikuwa bado ametumbua macho kwenye kamba. Hatimaye ikavutwa kutoka chini: mara moja, mbili, tatu, nne, tano. "Amesikia," akanong'ona, akaketi chini.

Walipompa Waridi ishara ya kupanda, kila mtu aliitazama bendera. Lakini mapovu hayakutokea pale. Yalitokea hatua ishirini kutoka bendera, katikati ya yale maziwa, mahali pale pale mashua ya Kahiga ingepitia. Kagure alipoona kichwa cheusi kikichomoza, akaangua kilio.

Saa nne, mfereji wa kwanza wa Mitarakwa ulitema tope, kisha ukatoa maji safi. Watu wakashangilia. Kagure hakushangilia. Alimwendea Waridi, aliyekuwa amejifunika blanketi, ameshika kikombe cha chai.

"Anti, nisamehe. Nilitaka kucheza tu. Nilifikiri ni maneno mawili."

Waridi akaweka kikombe magotini. "Yalikuwa maneno mawili," akasema. "Mimi nikiwa chini sina macho, Kagure. Macho yangu ni neno la watu walio juu. Jana ungeniambia ukweli, kwamba hukufika, ningesubiri saa moja tu. Kazi ambayo haijafanyika si hatari kama kazi inayosemwa imefanyika. Lakini leo ulisema mbele ya watu wote, na kwa sababu hiyo nakunywa chai hii. Nimekusamehe."

"Njia ya mwongo ni fupi," Gathogo akaongeza, "na hii nusura ifupishe uhai wa mtu. Mami, jana nilikutuma kwa watu wanne."

Kagure alielewa. Alifuta machozi, akafunga viatu vyake, akazunguka bwawa lote kwa miguu, saa nzima ya matope. Alimkuta Mzee Kahiga akiosha ule mkebe uliopinduka.

"Guka," akasema, "nimetumwa na Baba. Mtungi wenye bendera nyekundu si nyavu. Ni mtu. Kaa mbali hatua mia moja."

Mzee angeweza kumcheka, maana hayo alikuwa ameyajua tangu asubuhi. Hakucheka. Aliweka mkebe chini, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse maziwa. Sasa rudi nyumbani umwambie baba yako umefika. Na leo, mjukuu wangu, atakuamini."