Mkanda wa Dereva

Mimi ni mwanamke wa kushuku, sikatai. Ukinipa chai, naichungulia kwanza. Mume wangu ananiita Mama Polisi, na jioni ile tulipokwenda kutazama gari, alinibembeleza nimwachie yeye mazungumzo.

Tulihitaji gari la kuvuta boti yetu. Mimi ni fundi wa boti, yeye ndiye nahodha, na kigari chetu kilishaunguza klachi kwenye mteremko wa kushushia boti, tela likitaka kukirudisha majini. Gari la kazi hiyo liwe zito, livute kwa magurudumu yote manne, na breki zake zisiwe za kubahatisha. Hayo nilikuwa nayajua.

Muuzaji alitusubiri pale pale mteremkoni, karibu na boti yetu, jua likizama. Mzee mwembamba, anapumua kwa shida. Pikapu yake ilikuwa ya dizeli, pana, ina chuma imara cha kufungia tela. Mume wangu akaizunguka huku anatabasamu kama bwana harusi.

Mimi nilimtazama mzee. Shati lake lilikuwa kavu, isipokuwa mstari mmoja uliolowa. Kutoka begani, kupita kifuani, hadi kiunoni.

"Mzee wangu, umemwagikiwa na maji?"

"Jasho tu, mwanangu."

Jasho gani la mstari? Lakini nilishamwahidi mume wangu kumwachia mazungumzo.

"Mbona unaliuza?" mume wangu akauliza.

"Limenichosha." Hakulisogelea. Aliuweka ufunguo chini, kwenye saruji, akarudi nyuma. "Nani ataendesha?"

Swali la kawaida kabisa. Lakini alimeza mate alipouliza.

Nikafungua mlango, nikauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho. Gari lililowahi kuzama unalijulia hapo. Watu husafisha viti, hupiga rangi mpya, lakini sehemu ya mkanda iliyojikunja ndani hawaikumbuki. Ukatoka umelowa chapachapa. Unanuka tope... na kitu kingine, kama nyama iliyosahaulika kwenye friji iliyozimwa.

"Hili limezama," nikamnong'oneza mume wangu. "Twende nyumbani."

"Jamani, Mama Polisi! Gari la kuvuta boti litakosaje maji? Ngoja nilijaribu mara moja tu."

Akalifunga tela lenye boti yetu, akaketi, akajifunga mkanda. Akaanza kurudi nyuma, taratibu... taratibu... Tela likagusa maji.

Ka!

Mkanda ukamkaza. Nilimwona akijishika kifua.

"Breki!" nikapiga kelele.

Alikuwa amezikanyaga. Taa nyekundu za nyuma zilikuwa zinawaka, magurudumu hayazunguki, injini imezimika. Na gari bado linashuka, kama linavutwa na kitu kizito kuliko boti.

Nikakimbia. Maji yalikuwa yamenifika magotini nilipoufungua mlango. Kitufe cha mkanda kikagoma. Nikachomoa kisu changu cha kukatia kamba, nikakata, nikakata... Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na mtu anapumua. Nilimsikia kabisa.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mkanda ukakatika, nikamvuta mume wangu nje, tukaanguka wote. Gari likasimama lenyewe, hapo hapo.

Mzee alikuwa juu ya mteremko, anajipapasa shati. Kavu. Lote kavu. Alikuwa analia kwa furaha.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Siku lilipozama, mimi nilitoka. Mke wangu hakutoka."

Akaenda zake, anapumua vizuri kabisa. Hatujamwona tena.

Nyumbani nilimvalisha mume wangu shati safi, limetoka kupigwa pasi. Likalowa mstari mmoja. Begani, kifuani, kiunoni.

Asubuhi tukaikuta pikapu uani. Hatukuileta sisi. Mkanda nilioukata ulikuwa mzima.

Tangu hapo, kila jua likizama mstari unalowa na kumkaza zaidi. Mwanamume aliyekuwa akicheka mtaa mzima unamsikia, sasa anaongea vipande vipande. Nampenda mume wangu. Ninalala nimemwekea mkono kifuani, naogopa kuutoa.

Leo mchana wamekuja mtu na mkewe. Wamenunua boti, wanatafuta gari la kuivuta. Bwana ameipenda pikapu papo hapo. Mke ameizunguka, akainama, akanusa. Nikajiona mimi mwenyewe.

"Dada," akaniuliza kwa sauti ya chini, "halina tatizo kweli?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Macho yake yaliniomba. Kisha akayainamisha kwa aibu.

"Mje jioni mlijaribu," nikamjibu yule dada. Nikamshika mkono kabla hajaondoka. "Na wewe, mdogo wangu... uje na kisu kikali."