Ua la Siku Tatu

Jioni ile nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni langu, mwanangu mgongoni. Miezi saba tu, lakini mzito kama gunia la chumvi.

Mlangoni kwa fundi palikuwa na mmea nisiowahi kuuona, nami nakusanya maua ya kigeni tangu sijaolewa. Tawi moja, rangi tatu: ua la leo zambarau, la jana limefifia, la juzi jeupe pe. Nikaomba kijitawi.

"Huu siutoi," akasema fundi, kisha akaingia ndani kutafuta gauni. Akakawia.

Sisi wapenda maua tuna msemo wetu: tawi la kuombwa hunyauka, la kuibwa hushika. Nikalivunja.

Tak.

Ndani ya nyumba, mtoto wa fundi akalia. Kilio kimoja, kirefu... kisha akacheka.

Nilishalificha ndani ya mbeleko, kati ya mgongo wangu na kifua cha mwanangu. Fundi alitoka, wala hakuutazama mmea. Alimpapasa mwanangu kichwani, akanong'ona, "Pole, baba. Sasa zamu yako."

Nikajifanya sijasikia. Mwizi haulizi maswali.

Kufika nyumbani, tawi lilikuwa na mizizi. Myembamba, imeng'ang'ania ngozi ya kifua chake. Niliibandua kwa mafuta, nikalipanda tawi koponi.

Ua la kwanza lilipofunguka, midomo ya mwanangu ikawa zambarau. Siku ya tatu ua likawa jeupe, naye akawa baridi, hanyonyi, macho wazi... Kisha likachanua jingine, na mateso upya. Nilijaribu kuung'oa mmea. Mwanangu akabanwa na pumzi, nikaufukia tena upesi. Nilikimbilia kwa fundi. Kashahama, na mmea wake umenyauka.

Nililia mpaka nikaelewa. Nikauhamishia wangu mlangoni.

Jana jioni alipita shoga yangu, mwanawe mgongoni. Naye mpenda maua, vidole havitulii. Akaomba.

"Huu siutoi," nikamwambia, nikaingia ndani kumletea maji. Nikakawia.

Tak.

Mwanangu akalia... kisha akacheka, mara ya kwanza kwa miezi minne.

Nilitoka na maji. Shoga yangu alikunywa mara moja, akaaga harakaharaka. Mtoto wake nilimpokea mimi kwa mikono hii, siku alipozaliwa. Nilimpapasa kichwani.

"Pole, baba," nikanong'ona.

Leo mmea umenyauka. Mwanangu ananyonya, ana joto, ananikamata kidole. Nafunga mizigo.

Mlango unagongwa tangu alfajiri. Anayegonga namjua, na analia.

Sifungui.