Ujumbe Alioufuta Mbuke

Ti-ti! Ti-ti! Gizani, simu ya mama ililia juu ya stuli. Mbuke aliisikia kabla ya jogoo wa jirani. Mama hakusikia. Alikuwa amerudi amechoka kutoka darasa la jioni, akamnyonyesha mtoto Blessing, kisha usingizi ukamchukua mzobemzobe.

Martina, mama yake Mbuke, alikuwa fundi wa kompyuta katika kituo cha afya cha mtaa wao, mjini Kahama. Kompyuta za kituo, mtandao, hata friji la chanjo, vyote vililindwa na programu moja isiyolala, iliyokaa kwenye kompyuta yenye betri yake. Kitu kikizimika, ilituma ujumbe kwenye simu ya mama. Ilikuwa programu huria: mama aliipakua bila kulipa hata senti, na yeyote aliruhusiwa kuitumia na kuirekebisha.

Ila wiki ile programu ilikuwa imepiga kelele mno. Mara mbili mama alikurupuka alfajiri, akakimbilia kituoni, akakuta ni waya tu uliolegea.

"Leo hapana. Mwache mama alale," Mbuke alinong'ona. Akaufuta ujumbe bila kuusoma, akazima sauti ya simu, akajifunika shuka.

Ilikuwa Jumamosi. Kulipokucha, Mbuke aliongozana na mama kituoni, Blessing akiwa mgongoni, maana siku hiyo alitakiwa kuchanjwa. Benchi lilikuwa limejaa kina mama na watoto wao.

"Shikamoo, nesi," Mbuke alimwamkia muuguzi Salome.

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mazito hivyo? Ulikuwa unachunga mbu?"

Kina mama wakacheka. Maganga, mlinzi wa kituo, akadakia, "Heri yake aliyelala! Hapa umeme ulikatika usiku, umerudi jua likichomoza."

"Friji lina betri ya akiba," alisema Salome. "Ingeshindwa kazi, simu ya Mama Mbuke ingelia. Au ililia, mwenzangu?"

Mama akaitazama simu. "Hakuna ujumbe. Tuko salama." Kwenye kompyuta, taa zote zilikuwa za kijani.

Mbuke aliukumbuka ujumbe alioufuta. Salome alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. "Haya, tuanze na Blessing."

Mama akaufunua mguu mnono wa mtoto. Mbuke alitaka kusema, lakini akaogopa. Je, mama akifukuzwa kazi? Sindano ikakaribia.

"Msimchome!" alipiga kelele. "Simu ililia alfajiri, mama. Nikaufuta ujumbe. Nilitaka ulale."

Mama alimkodolea macho asiamini. Kisha akafungua kumbukumbu za programu. Mstari mwekundu ulianzia alfajiri na kuendelea hadi umeme uliporudi. Betri ya friji ilikuwa imekufa, na friji likakaa na joto muda wote huo.

"Mungu wangu!" Salome aliiweka sindano chini. "Chanjo ikipata joto inaweza kuharibika. Tungewachoma watoto wote hawa, tukaamini wamekingwa, kumbe wapi!"

Mama mmoja alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anayetaka kumnyang'anya. Mbuke alilia kwa kwikwi.

Salome alizitenga chanjo zile zikaguliwe, akapiga simu hospitalini. Baadaye zililetwa nyingine kwenye kisanduku cha barafu, na Blessing akachomwa, akapiga yowe la kusikika mtaa wa pili. Fundi wa umeme naye akabadilisha betri.

Jioni mama alimwita Mbuke kwenye kompyuta. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, aliirekebisha: tangu siku hiyo ujumbe ungefika kwa Salome pia, na ungerudiwa hadi mmoja wao ajibu.

"Umeniokoa kwa kusema ukweli," alisema, "hata kama kosa lilikuwa lako. Lakini sikiliza. Kule kwa babu yako Bugarama, mwano ukipigwa, lile yowe la kuomba msaada, nani hubaki kitandani?"

"Hakuna, mama."

"Wakati mwingine wanakuta ng'ombe amejikatia kamba tu. Wanacheka, wanarudi kulala. Kesho ukipigwa, wanatoka tena. Anayetuonya hazibwi mdomo, mwanangu, hata akitukera. Na ukinipenda, usinifiche jambo ili nipumzike."

Siku chache baadaye, kabla hakujapambazuka, simu ililia tena juu ya stuli. Mbuke aliruka kitandani na kumshika mama bega.

"Mama, amka, kuna ujumbe."